Mmea wa Justina Wakati wa Baridi

Jumapili, 2 Juni 2024

Justina amesafiri leo baada ya ibada. Amekwenda Dodoma kwa binti yetu Evaline, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza wiki iliyopita. Atakaa huko mpaka mtoto akaze shingo. Nilipomuuliza hiyo itakuwa lini hasa, alisema mtu aliyezalisha ng'ombe nusu ya wilaya ya Mbulu asimuulize habari za shingo.

Kwa hiyo nimebaki hapa Nambis na ng'ombe wawili, ndama mmoja, kuku ambao sijawahi kujua idadi yao, mama yangu mzazi, na mmea.

Ng'ombe nawamudu. Nilikuwa bwana mifugo wa serikali mpaka nilipostaafu. Mama yangu, Bibi Agatha, anaishi nasi tangu marehemu baba alipotutoka, na hana makuu. Kutwa nzima anakaa kwenye kiti chake sebuleni, karibu na dirisha linalopokea jua la asubuhi. Mmea unakaa hapohapo, upande wa pili wa dirisha, ndani ya ndoo ya rangi. Majani yake ni mapana kama sinia, yamepasukapasuka na kutoboka kana kwamba mbuzi aliyaonja akaghairi. Hautoi ua, hautoi tunda, na hauliwi. Justina alipewa kipande chake na rafiki yake Doris, muuguzi wa hospitali ya Haydom, mwaka ule alipolazwa kwa upasuaji. Alirudi nyumbani amekonda, amekumbatia kopo la majarini lenye kijiti na jani moja. Sasa unamfikia kifuani.

Akiwa mlangoni ameniambia, "Baba Evaline, sikuachii maagizo mengi. Mmea wangu tu. Nikute hai."

Nikamwambia, "Mama Evaline, mimi nimetibu ndigana, nimetibu homa ya mapafu. Majani hayatanishinda."

"Haya," akasema. Lile "haya" lake nalijua, na sikulipenda.

Nimefungua daftari hili kwa mazoea ya kazi. Tulifundishwa kuandika kila siku kilichofanyika, hata kama hakikufanyika kitu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimekamua. Nimemwagilia mmea.

Jumanne, 4 Juni

Nimekamua. Nimemwagilia. Ugali uliungua chini. Mama amekula wa juu na kunisifu.

Ijumaa, 7 Juni

Lameck, jirani yetu wa upande wa mtoni, amekuja kuazima toroli. Kanikuta sebuleni nimeshika kikombe cha maji mbele ya mmea.

"Bwana Mifugo," akasema, "naona mama mwenye nyumba kakuachia mke mdogo."

"Afadhali huyu haongei."

"Subiri. Wote huanza hivyohivyo."

Akaenda akamsalimia mama, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, akanong'ona naye kitu kwa Kiiraqw na wote wawili wakacheka. Sikuuliza. Toroli kachukua, na najua nitalifuata mwenyewe.

Jumatano, 12 Juni

Baridi imeingia rasmi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata zizi sikuliona kutoka mlangoni, na zizi lenyewe liko hapahapa tu. Kioo kimoja cha dirisha la sebuleni kina ufa tangu mwaka jana, upepo unapita. Nimeziba kwa gunia. Sasa sebule ni giza, mama analalamika haoni njia. Nimemwambia baridi haihitaji kuonwa.

Justina amepiga simu. Mtoto amepewa jina la Rogathe. Analia usiku, analala mchana. Baada ya hayo akauliza, "Mmea wangu haujambo?"

"Haujambo."

"Mama?"

"Hajambo."

"Haya."

Jumapili, 16 Juni

Jani moja limekuwa la njano. Nimeongeza maji.

Jumatano, 19 Juni

La pili. Mengine yameinama kama ng'ombe mwenye homa. Nimeshika jani kwa vidole, baridi tupu. Ukweli ni kwamba nilishika pia kwenye shina, nikitafuta mapigo. Bahati nzuri Lameck hakuwepo.

Ijumaa, 21 Juni

Nimepata dawa, na nashangaa kwa nini sikuifikiria mapema. Ndama akizaliwa wakati wa baridi, huku kwetu hatumwachi zizini. Tunamlaza jikoni karibu na mafiga mpaka apate nguvu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, nimewafundisha na wengine, na sijapoteza ndama kwa baridi hata mara moja. Leo nimebeba ndoo na mmea wake mpaka kwenye jiko letu la nje, nikauweka kona ya moto, pale ndama wa mwaka juzi alipolala. Mama, ambaye kila asubuhi huja jikoni na fimbo yake kuota moto, amekubali kwa kichwa. "Hapo sawa," amesema. "Kule alikuwa anakufa."

Nimegundua kwamba mama anauita mmea "yeye", kama mtu.

Jumatatu, 24 Juni

Maharage yameshapurwa yote. Mmea unaota moto.

Alhamisi, 27 Juni

Mmea umepona. Asubuhi nimeingia jikoni nikakuta majani yanang'aa, yana wekundu wa moto juu yake, utadhani yameoshwa na mvua. Sijawahi kuyaona hivi hata enzi za Justina. Nimemwita Lameck na simu yake ya kisasa, kwa kuwa yangu ni ya tochi tu, akapiga picha na kuituma Dodoma.

Justina amepiga hapohapo. "Jamani, umenawiri kuliko mimi. Umeupa nini?"

"Uzoefu," nikasema.

Evaline nimemsikia nyuma akicheka. Nimelala kitandani mchana, kitu nisichokifanya, kwa raha tu.

Jumapili, 30 Juni

Nimemwagilia. Unang'aa.

Jumatano, 3 Julai

Unang'aa bado, lakini weusi umeingia. Masizi ya jikoni yamenata juu ya majani. Nikipangusa kwa mkono hayatoki, yanasambaa. Na kuna sisimizi. Wamepanga mstari kutoka mlangoni mpaka ndani ya ndoo, wanapanda shina, wanatembea juu ya majani kama wako barabara kuu ya Dongobesh.

Alhamisi, 4 Julai

Nimetwanga vitunguu saumu, nikachemsha, nikapoza, nikanyunyizia. Kwenye kupe wa kuku huwa inasaidia kidogo. Sisimizi wamehama. Mama amesema jiko linanuka mchuzi wa harusi na hakuna harusi.

Jumamosi, 6 Julai

Sisimizi wamerudi. Majani mawili yameanguka, yakiwa mazito na meusi.

Jumatatu, 8 Julai

Jingine limeanguka. Mahindi yamekauka shambani, ningepaswa kuanza kuvuna. Nimekaa jikoni nikitazama majani.

Jumanne, 9 Julai

Leo nitaandika kirefu.

Nilitoka kukamua mapema kuliko kawaida kwa sababu ng'ombe mkubwa amepunguza maziwa. Niliposukuma mlango wa jiko nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda mbele ya mmea. Kibuyu chake cha samli kiko magotini, kimefunguliwa. Anachovya vidole viwili, anapaka jani taratibu, kutoka kwenye kikonyo mpaka kwenye ncha, huku akisema naye polepole kwa Kiiraqw, maneno yaleyale aliyokuwa akitusemea sisi tukiwa watoto na baridi ikitubabua mashavu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nampaka."

"Unampaka nani?"

"Huyu wa Justina. Amepauka. Huoni?"

Mng'ao wote wa juma lile ukanijia kichwani. Picha ya Lameck. Uzoefu wangu. Ilikuwa samli. Ndiyo iliyonasa masizi, ndiyo iliyowaita sisimizi.

Nilikasirika. Nilimwambia kwa sauti ambayo mtu hamwambii mama yake kwamba mmea haupakwi mafuta, kwamba jani linapumua, kwamba ameuziba pumzi na sasa unakufa, na Justina akirudi nimwambie nini.

Mama hakunyanyua sauti. "Wewe mwenyewe umemleta hapa kama ndama," alisema. "Ndama dhaifu, ngozi yake ikiwa kavu, nani hampaki?"

Ni mimi niliyekuwa nikiwaambia watu wapake.

Alifunika kibuyu. Akageukia moto, akasema, "Baridi ikianza, Justina hunipaka miguu. Kila asubuhi, wewe ukiwa umekwenda zizini. Hupaka mpaka ndani ya nyufa, halafu hunivisha soksi. Sasa yuko mbali. Nikasema, basi na mimi nimpakie cha kwake."

"Na miguu yako sasa anapaka nani?"

Nilipiga magoti nikanyanyua ncha ya khanga yake. Visigino vimepasuka, mpasuko mmoja una damu iliyokauka. Soksi hazipo.

"Kuinama siwezi tena," alisema, kana kwamba anaomba radhi.

Nimekagua kwato za ng'ombe wa wilaya nzima. Miguu ya mama yangu, anayekaa nyumbani kwangu, sikuwa nimeitazama. Na kwa miaka yote hii nilikuwa nikiamini kwamba mama na Justina wanavumiliana tu, kwa sababu hawaongei sana. Kumbe asubuhi zote hizo kulikuwa na kitu kinaendelea ndani ya nyumba yangu na mimi niko nje nahesabu maziwa.

Nimechukua kibuyu. Nimempaka. Alisema mikono yangu ni migumu kama ya mchinja mbuzi, na niendelee.

Jumatano, 10 Julai

Nimempaka mama miguu. Nimekamua baadaye. Ng'ombe wamesubiri, hawakufa.

Mmea nimeurudisha sebuleni. Nimetoa gunia dirishani na kuweka karatasi ya nailoni, mwanga umerudi, mama anaona njia yake.

Ijumaa, 12 Julai

Majani yameendelea kuanguka. Nimeosha yaliyobaki kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Yametoka masizi na jani moja zima limetoka nayo. Mama amekaa kiti chake, ameniangalia. Anajiona ana hatia, na mimi ndiye niliyempa hatia hiyo. Nimemwambia moto umeharibu zaidi kuliko samli, na moto ulikuwa wangu. Akasema, "Wote wawili tulimpenda vibaya." Sasa tuko sawa.

Jumapili, 14 Julai

Justina amepiga simu. Mtoto anacheka. Justina ametaka Lameck apige picha nyingine. Lameck, aliyekuwa amekaa kwetu anakunywa chai, akachukua simu yangu akamwambia yake imekwisha chaji, na umeme Nambis hakuna. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Baadaye nikamwuliza kwa nini amesema uongo siku ya Jumapili. Akasema, "Nimekuona uso." Halafu akatoa ushauri wake: Doris wa Haydom ndiye aliyetoa kipande cha kwanza, basi kwake lazima upo ule mkubwa, mama wa huu. Niende, niombe mzima, niuweke kwenye ndoo ileile. "Majani ni majani," alisema. "Justina atajuaje?"

Nimefikiri juu ya hilo kutwa nzima. Namwogopa Justina, sikatai. Lakini si makaripio yake ninayoogopa. Mwaka ule tulipompeleka Haydom nililala nje ya wodi nikiamini nitarudi peke yangu. Alitoka akiwa hai, na kopo lile mkononi. Mimi niliona kopo. Sidhani kama yeye aliona kopo tu.

Jumanne, 16 Julai

Limebaki jani moja. Moja, juu kabisa, dogo kuliko yote. Nimeogopa kweli.

Alhamisi, 18 Julai

Haydom. Nilimwacha mama kwa mke wa Lameck, nikapanda basi la alfajiri Dongobesh pamoja na wagonjwa na ndugu zao wenye vyakula kwenye ndoo. Dada mmoja akaniuliza mgonjwa wangu amelazwa wodi gani. Nikasema yuko nyumbani.

Doris amestaafu, anaishi nyuma ya soko, nyumba yenye kibaraza. Hajazeeka sana. Alinijua kabla sijajitambulisha. "Wewe ni yule uliyelala kwenye benchi," alisema, "tukakufukuza kila usiku na kila asubuhi tukakukuta."

Nilizunguka maneno. Nikauliza afya, mvua, watoto. Nikanywa chai. Mwishowe nikamweleza yote, hata moto, hata samli. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Halafu nikasema nimekuja kuuona ule mkubwa wake, pengine anaweza kunisaidia.

Akaacha kucheka.

"Wangu ulikufa mwaka juzi," alisema. "Nilikwenda Babati kwa mazishi ya kaka, nikachelewa kurudi. Kuna wenzangu niliowagawia, nimeuliza, yote imekwisha. Wa Justina ndio uliobaki. Mimi mwenyewe nilikuwa namsubiri arudi kutoka Dodoma nimwombe kipande."

Nimekwenda kuomba mmea, nikaombwa mmea.

Nikamwuliza nifanye nini. Alisema yeye si mtaalamu, alikuwa akifanya kama alivyoona: dirishani palipo na mwanga, mbali na moto, maji pale udongo ukikauka na si kabla, jani lipanguswe kwa kitambaa kilicholoana. "Shina lina vifundo," alisema. "Kama vifundo ni vigumu, bado upo. Kama vimelainika, pole." Akaongeza, "Na kama utapona, shemeji, usinisahau."

Nimemwahidi, nikarudi mikono mitupu. Kabla ya kuvua koti nimeshika vifundo. Cha chini kimelainika. Cha kati na cha juu ni vigumu kama goti la ndama.

Ijumaa, 19 Julai

Udongo ulikuwa tope. Kumbe kila siku nilikuwa nauzamisha. Nimeutoa ndoo, nimekata mizizi iliyooza na kifundo kilicholainika, nimetoboa tundu zaidi chini ya ndoo, nimeweka udongo mpya na mchanga. Mama ameshika shina wakati nikijaza. Tumeshughulika asubuhi yote kama tunazalisha.

Jumatatu, 22 Julai

Miguu. Maziwa. Jani moja.

Alhamisi, 25 Julai

Miguu. Maziwa. Jani moja. Sikumwagilia, na imenigharimu nguvu kutomwagilia.

Jumapili, 28 Julai

Justina kwenye simu: "Mmea haujambo?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nikafungua mdomo, mtoto akalia huko, akasema subiri, akarudi. Nikasema, "Upo."

"Upo vipi?"

"Upo."

"Na wewe unakaa wapi siku hizi? Nikipiga nakusikia uko ndani."

"Sebuleni. Na mama."

"Haya," akasema. Safari hii "haya" yake sikuielewa.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumevuna mahindi, Lameck na watu wake wamenisaidia, nami nitakwenda kwake wiki ijayo. Jioni nimekaa na mama tukisuka vitunguu saumu mafungu kwa ajili ya mnada. Mama husuka upesi kuliko mimi hata sasa. Ananihadithia mambo ya zamani ambayo sikuwahi kuambiwa, au niliambiwa nikiwa na haraka. Alivyokuja hapa akiwa bibi harusi, alivyolia wiki nzima akiutamani moto wa kwao. "Kwa hiyo Justina alipokuja na kopo lake," amesema, "mimi nilimwelewa. Mtu akiwa na kitu cha kuangalia, hajioni mgeni."

Nimefurahi jioni hii. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa mmea ni jani moja.

Jumanne, 6 Agosti

Nyufa za visigino vya mama zimefunga.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimekuta kitu kwenye kifundo cha juu. Kama ncha ya pembe ya ndama inapochomoza, ndogo, ya kijani. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemwambia mama. Kumbe alikwishaona tangu Jumamosi, naye hakumwambia mtu.

Jumamosi, 17 Agosti

Ncha imerefuka, imejiviringa kama karatasi. Lameck amekuja kuitazama, amevua kofia kwa utani, kisha amesahau kuirudisha kichwani.

Ijumaa, 23 Agosti

Ukungu umepungua. Nimempaka mama miguu ingawa hahitaji sana. Amesema baridi haijaisha. Baridi imeisha.

Jumamosi, 31 Agosti

Justina amerudi.

Nilimpokea Dongobesh. Amenenepa kidogo, na begi lake linanukia mtoto. Njia nzima nilitaka kusema nikashindwa, nikamweleza bei ya mahindi. Asubuhi Lameck alikuwa amenishauri nisogeze kiti mbele ya ndoo, ili aanze kwa kupumzika kwanza. Sikusogeza kitu.

Aliingia, akamwinamia mama, "Shikamoo, mama," wakashikana mikono muda mrefu. Halafu akageuka dirishani.

Alisimama. Mmea uliomfikia kifuani alipoondoka ulikuwa kijiti chenye jani moja dogo na karatasi ya kijani iliyojiviringa. Akalishika jani, akalipapasa kwa kidole gumba, akanusa kidole.

"Samli," alisema.

"Ni mimi," mama akasema.

"Ni mimi," nikasema. "Nilianza na moto."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kama ninatoa taarifa kwa mkuu wa idara: gunia, mafiga, sisimizi, saumu, picha, Haydom, na wa Doris uliokufa. Aliposikia huu ndio uliobaki alikaa chini. Alilia, si sana. Machozi yalikuwa ya majani yake na ninayaheshimu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikutegemea. Alichuchumaa mbele ya kiti cha mama, akavuta soksi moja chini, akatazama kisigino, akakipitishia mkono. Akavuta na ya pili.

"Nani kafanya hivi?" akaniuliza.

"Mimi."

"Kila siku?"

"Mwulize mwenyewe."

"Mikono yake migumu," mama alisema, "lakini hakosi."

Justina akabaki amechuchumaa, mkono kwenye kisigino cha mama, akaniangalia. Nikamwuliza kwa nini hakunieleza habari za miguu kabla ya kuondoka, yeye aliyepata nafasi ya kuniagiza majani.

"Ningekuagiza miguu, ungempaka siku mbili halafu ungenipigia simu kunijulisha," alisema. "Ule mmea uko mkono mmoja kutoka kiti cha mama. Nilijua ukiwa na kazi ya kuangalia mmoja, siku moja utamwona na mwingine." Akajifuta pua. "Ila sikukutuma uuchome, Baba Evaline."

Jumapili, 1 Septemba

Ibada. Nyama. Lameck amekula kwetu na kuungama habari ya chaji.

Jumatano, 4 Septemba

Justina amenionyesha mahali atakapokata kipande cha Doris, juu ya kifundo cha kati, lakini si sasa. Mpaka jani jipya lifunguke na jingine lifuate. Kopo la majarini kaliosha, liko dirishani linasubiri. Ameniambia nitalipeleka mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye niliyeahidi.

Asubuhi aliamka mapema ampake mama. Akakuta nimeshamaliza. Tumekubaliana tutapokezana, naye amesema, "Zamu yangu asiiguse mtu."

Jumapili, 8 Septemba

Jani limefunguka. Ni pana, laini, na tayari lina mipasuko yake yote. Justina amekaa mbele yake tangu alfajiri na hajapika chai, nami sijadai. Amemwambia mama kwa heshima zote kwamba samli sasa basi. Mama ameapa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeingia sebuleni asubuhi, Justina akiwa bado zizini, kwani leo kukamua ni kwake. Jani jipya lilikuwa linang'aa kwenye jua la dirishani. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anatazama nje, mikono ameificha ndani ya khanga.

Nimeinama nikanusa. Nimechukua kitambaa, nikakilowesha, nikalifuta jani polepole mpaka kwenye ncha. Halafu nimekaa kwenye kigoda, nikamwambia mama alete mguu.